Kabla ya Maghorofa, Hesabuni Kumbi na Nyasi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi, mawaziri wa kaunti mnaosimamia ardhi, mazingira na utamaduni, waheshimiwa wawakilishi wadi, na nyinyi wakubwa wa Serikali ya Kitaifa mlioshika mradi wa nyumba za bei nafuu:

Salamu kutoka Pumwani. Naandika kama mkazi, si kwa niaba ya chama wala kikundi, ingawa haya nitakayoyasema mtayasikia pia Kaloleni, Jericho, Maringo na Bahati mkienda kuketi na wazee vibarazani.

Shauri lenyewe ni hili. Nyumba kuukuu za kaunti huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, zimo njiani kubomolewa zipishe maghorofa. Pangani ya zamani imeshaondoka, na majumba marefu yamesimama mahali pake. Majina ya mitaa mingine yamekuwa yakitajwa mwaka baada ya mwaka, na kila yakitajwa watu hukimbilia maswali mawili: tutahamishwa lini, na nani atapewa nyumba. Ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo sijalisikia likiulizwa katika kikao chochote cha kukusanya maoni nilichohudhuria: zile nyasi zilizo baina ya nyumba, na ule ukumbi ulio katikati ya mtaa, vitakwenda wapi?

Ombi langu ni kwamba kabla tingatinga halijawashwa, kila uwanja wa nyasi na kila ukumbi wa umma Eastlands upimwe, uwekewe mipaka, utolewe hatimiliki kwa jina la umma, kisha ufunguliwe utumike. Maghorofa yafuate. Mkianza na maghorofa, nyasi zitageuka maegesho ya magari, ukumbi utageuka stoo ya saruji ya mkandarasi, na hakuna kikao cha baadaye kitakachovirudisha.

Msidhani nalilia majani tu. Chukueni Kaloleni. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, na miongoni mwa walioujenga walikuwemo mateka wa vita Waitaliano. Mkoloni hakuwa akifanya hisani. Alihitaji wafanyakazi waliotulia mjini na jamaa zao, badala ya wanaume wapweke waliobanana mabwenini. Hata hivyo wachoraji wake walikuja na fikra iliyokuwa ikivuma Uingereza, ya mji uliojengwa ndani ya bustani: nyumba za chini zenye paa la vigae, zimezunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi katikati. Leo vigae vimevunjika, vyumba vya mabati vimechomoza uani, na maji taka yanapita yanapotaka yenyewe. Lakini ramani ile ingali inasomeka kwa macho. Nendeni saa kumi na moja jioni muone: watoto na mpira wa makaratasi, akina mama wakianua nguo, wazee wakicheza drafti chini ya mti, vijana wamejipanga kando wakibishana kuhusu Gor na Ingwe, timu zao za soka. Hakuna mradi uliowapangia hayo. Nafasi ipo, watu wakaijaza.

Na ukumbi wenyewe una makubwa yake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama pale akapendekeza azimio la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Mahali palipotamkwa jambo kama hilo, miaka 13 kabla bendera haijapandishwa, ungetarajia pawe na walau chumba kimoja cha picha na maelezo, mtoto wa shule ya jirani aingie asome kwamba haya yalifanyika kwao, si London kwenye mazungumzo ya Lancaster House. Watalii tunawapeleka Karen. Kaloleni tunampeleka nani?

Mtaani humo humo ipo maktaba. Ni tawi la ile maktaba kuu ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya mji mwaka 1931 na iliyokuwa ya Wazungu pekee hadi 1958. Mwaka 2018 kaunti ilitiliana mkataba na Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na matawi mawili yaliyochakaa, la Kaloleni na la Makadara, yakakarabatiwa na kufunguliwa upya. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu barua za wazi zina mazoea ya kusema serikali haijafanya lolote. Hapa mmefanya. Mlikubali kugawana madaraka na watu wenye ari, na majengo yakafufuka bila kubomolewa. Kinachonishangaza ni kwamba mkataba wa namna hiyo uliishia kwenye vitabu, kumbi zikaachwa zilivyo.

Hizo kumbi ndizo zilizolea mabondia, wana sarakasi, kwaya, vikundi vya maigizo ya vitabu vya shule, ngoma za arusi na matanga ya mitaa hii. Leo kijana wa Eastlands akitaka jukwaa lenye taa, viti na choo kinachofanya kazi, hupanda matatu hadi katikati ya mji akabishe hodi Alliance Française au Goethe-Institut. Nawashukuru Wafaransa na Wajerumani kwa ukarimu wao. Lakini inakuwaje msanii wa Nairobi atafute hifadhi kwa serikali za Ulaya ilhali ukumbi wa baba yake una kufuli? Wasanii wengine waliamua kujitafutia: kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 kwenye ghala la Industrial Area, na kikaonyesha kwamba jengo la kawaida kabisa likipewa watu wenye kazi ya kufanya linaweza kuzaa wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki kwa miaka mingi. Ghala lilitosha. Ukumbi wenye jukwaa tayari utashindwaje?

Niongeze kidogo juu ya kufuli. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, niliutafuta kwa ajili ya arusi ya jamaa yangu. Wa kwanza niliyemuuliza alinipa bei yake, wa pili akanipa yake, wa tatu akaniambia ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Arusi tuliifanyia kwenye turubai, barabara ikafungwa, majirani wakakosa pa kupitia. Hilo halihitaji bajeti ya mamilioni. Bandikeni mlangoni bei, saa za kufunguliwa, na namba ya ofisi inayotoa risiti. Siku mtakayofanya hivyo, nusu ya malalamiko ya kumbi Eastlands yataisha.

Sasa turudi kwenye nyasi. Nairobi inajua kupigania bustani. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani yake mwaka 1906. Mwaka 1991 ilipotakiwa iwe maegesho ya magari ya ghorofa, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza watu kukataa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lisimamishwe Uhuru Park, akakejeliwa bungeni, na jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa Karura akienda kupanda miti, na msitu upo hadi leo. Lakini angalieni vizuri: hizo zote ni sehemu zenye jina, na zilipata watetezi wenye jina. Nyasi za Eastlands hazina kibao wala jiwe la msingi. Zinaliwa taratibu. Kwanza kibanda cha mabati, cha mtu maskini ambaye huna moyo wa kumfukuza. Halafu kanisa la turubai. Halafu uzio wa usiku mmoja. Halafu anatokea mtu ambaye hajawahi kuonekana mtaani, ameshika karatasi yenye muhuri. Tume ya Ndung'u ilieleza mchezo huu wa kugawa ardhi ya umma katika ripoti yake ya 2004, na waliosoma ripoti ile wanajua kwamba viwanja vya wazi, shule na kumbi vilikuwa mawindo rahisi hasa kwa kuwa havikuwa na hati. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuhusu nani anapata kivuli katika mji huu, sihitaji kusema mengi. Tazameni picha ya Nairobi kutoka angani. Upande wa magharibi na kaskazini una Karura yenye zaidi ya hekta 1,000, Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za reli, na City Park. Upande wa mashariki, walikopangiwa Waafrika, picha inageuka rangi ya mabati na vumbi. Ramani kuu ya mwaka 1948, iliyochorwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, haikuuanzisha mgawanyo huo lakini haikuufuta pia, na tangu 1963 tumeuendeleza wenyewe. Mama wa Umoja anayetaka watoto wake wagaegae kwenye nyasi Jumapili atapanda magari mawili kwenda, alipe kiingilio Karura, apande mawili kurudi. Wengi hawaendi. Na kinaya ni kwamba shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake pale Gigiri jirani na msitu huo, ndilo linaloshauri miji itenge asilimia 15 hadi 20 ya ardhi yake kwa nafasi za wazi za umma. Ushauri huo umesafiri dunia nzima. Mto Nairobi haujauvuka.

Najua jibu litakalokuja: ardhi ya Eastlands ni ghali, watu ni wengi, kila ekari ya nyasi ni ghorofa lililopotea. Hesabu hiyo inasahau maji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozoa nyumba na watu Mathare na Mukuru, kila mmoja aliona kinachotokea mvua inapoanguka kwenye mji ambao ardhi yake imefunikwa kwa zege na mabati. Uwanja wa nyasi hunywa maji. Maegesho huyasukuma kwa jirani wa bondeni. Pia inasahau kwamba mtaa wa nyumba za chini ukigeuzwa ghorofa kumi na zaidi, wakazi huongezeka mara nyingi juu ya ardhi ile ile. Watoto hao watacheza wapi? Kwenye ngazi? Wenye nyumba za ghorofa Pipeline na Zimmerman watawaambia jibu, kwa maana huko tayari ni ngazi, paa na barabara.

Wengi wetu wa Pumwani tuna jamaa Pwani, na kila nikienda huko narudi na wivu. Nataka niwaelezee mambo matatu niliyoyaona, maana nasikia maofisa husafiri hadi Singapore kutafuta masomo ambayo yako mwisho wa reli.

La kwanza ni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe mpaka pakabaki shimo la mawe meupe lisiloota hata magugu. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, akaanza kujaribu miti. Uliostahimili ni mvinje. Majani yake yakaanguka, yakalala tu bila kuoza, mpaka wakaletwa jongoo wakayatafuna yakawa udongo. Miti mingine ikapata pa kushika, ndege wakaja na mbegu zao, mabwawa ya samaki yakafuata. Watu walifunguliwa njia ya kutembelea mwaka 1984, miaka 13 baada ya miche ya kwanza. Sisi hapa hutaka kukata utepe kabla mche haujashika mizizi, na mwaka ukiisha miche imekauka na kibao cha mfadhili ndicho pekee kilichokua. Mtu anayetunza bustani anahitaji mshahara wa kila mwezi, hata miezi isiyo na sherehe.

La pili ni Forodhani, Unguja. Bustani ile ya ufukweni ilikuwa imechakaa. Shirika la Aga Khan la Utamaduni likaikarabati na ikafunguliwa tena mwaka 2009. Ingekuwa Nairobi, wachoma pweza na mishikaki wangekuwa wa kwanza kufukuzwa kwa jina la usafi. Pale wachomaji walibaki. Jua likizama majiko yanawashwa, juisi ya miwa inakamuliwa, mgeni na mwenyeji wanakula benchi moja, na vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani. Ukiwaondoa wachuuzi unabaki na ua zuri la jumba la makumbusho. Waheshimiwa, mnapowaza bustani za Eastlands, mwazieni mama wa chapati na madondo, muuza njugu, mpiga picha na kinyozi wa chini ya mti. Wapeni sehemu, maji na pipa la taka, watozeni ada wanayoimudu, na mtapata walinzi wasiolipwa, maana hakuna anayekubali mahali pa riziki yake pageuzwe jaa.

La tatu ni Mama Ngina pale Mombasa, palipokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2019, Mashujaa Dei ya mwaka huo ikafanyikia hapo. Nina manung'uniko yangu: saruji ni nyingi mno kwa macho yangu. Lakini mibuyu ya kale ingalipo, jukwaa la wazi lipo, na ukienda Jumapili jioni utaona familia kutoka kila pembe ya kisiwa, na wengine waliovuka Likoni, wakila mihogo na madafu wakitazama meli zikiingia. Hawana haja ya kununua chochote ili waruhusiwe kukaa. Nadhani hapo ndipo uhai wa mji unaporudi. Huanza pale mtu asiye na pesa anapokuwa na mahali pa kwenda akiwa amevaa vizuri.

Hata hapa mifano ipo, na imetoka kwa watu mliozoea kuwaita tatizo. Korogocho, vijana wa Komb Green walizoa taka kandokando ya Mto Nairobi wakapageuza bustani ambayo watoto hucheza. Kibera, wakazi pamoja na shirika la Kounkuey wamejenga viwanja vidogo kando ya mto, kila kimoja na shughuli yake. Michuki Park, karibu na mzunguko wa Globe, palikuwa jaa na karakana kabla marehemu John Michuki hajapasafisha mwaka 2008 alipokuwa waziri wa mazingira. Sasa kuna mpango mkubwa wa kufufua mito yetu. Vyema. Lakini kando za mito mlikobomoa nyumba mwaka 2024 mkiziacha wazi bila mtu wa kuzitumia, zitajaa taka au mabati tena. Mkabidhini kijana wa pale pale mkataba, si kazi ya vibarua ya miezi mitatu.

Na tafadhali, msitufungie ili mtutengenezee. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, ikakaa imefungwa muda mrefu. Wapiga picha waliokuwa wakisubiri wageni kutoka mashambani walipoteza kazi, na wenye mashua na farasi pia. Zaidi ya hapo, mji ulisahau kwamba una mahali pa kulala chali mchana. Jericho au Maringo ikifika zamu yake, tengenezeni kipande kwa kipande. Na yule askari wa kanjo anayesimamia kibao cha "Usikanyage Nyasi" mpeni kazi nyingine. Nyasi za mtaani ni za kukanyagwa. Zikiisha hupandwa tena.

Haya si hisani tunayoomba. Jedwali la Nne la Katiba limeweka maktaba, makumbusho, michezo, shughuli za utamaduni, bustani na sehemu za burudani mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo orodha yangu ni hii: rejista ya kila ukumbi na kila uwanja wa wazi Eastlands, ichapishwe na kubandikwa katika ofisi za wadi, hatimiliki za sehemu hizo zitoke kabla mkandarasi yeyote hajakabidhiwa mtaa, mikataba ya nyumba mpya itaje kwa mita za mraba nyasi zitakazobaki, na ukumbi wa zamani ukarabatiwe badala ya kubomolewa, kila ukumbi uwe na kamati yenye wazee, vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, inayosoma hesabu mbele ya wakazi. Muanze na ukumbi wa Kaloleni na ule wa Pumwani Memorial, kwa sababu historia imeshafanya kazi ya kuzitangaza.

Juu ya yote, fungu la matengenezo liandikwe peke yake kwenye bajeti, lisichanganywe na la ujenzi. La ujenzi huwa na marafiki wengi. La kubadilisha balbu, kuzibua choo na kumlipa mtunza bustani halina.

Sheria inawataka mfikishe makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Tutayasoma ukurasa kwa ukurasa tukitafuta fungu hilo, na tutakuja kwenye kikao cha maoni tukiwa na ramani ya mtaa mkononi, kila kiwanja cha nyasi kimetiwa alama. Mwakilishi wadi wetu ameshaarifiwa. Tunachoomba sasa ni tarehe ambayo afisa wa ardhi na afisa wa utamaduni watakuja Pumwani na Kaloleni watembee nasi kwa miguu, mchana, na kipimo.

Wenu,
Mkazi wa Pumwani, Nairobi